Babu wa Lowndes na Shamba Lake



Kamati ya chama chetu imenitaka niandike habari za Babu wa Lowndes, kwa kuwa safari hii mkutano wetu unafanyika Alabama, juu ya ardhi aliyoinunua yeye. Nimekubali, lakini kwa moyo mzito kidogo. Mosi, mimi si mjukuu wake wa damu. Mimi ni mkwe, mtu wa milima ya Umatumbi, Kilwa, niliyeingia katika ukoo huu kwa mlango wa ndoa. Pili, katika habari hizi kuna mahali ambapo mimi mwenyewe sikutenda vyema, na sina budi kupaeleza. Hata hivyo wazee waliomjua Babu wametangulia mmoja baada ya mwingine, na aliyesikia kutoka vinywani mwao asipoandika, vijana wetu wa Detroit, London, Muscat na Dar es Salaam watabaki na picha ukutani wasiyoijua ni ya nani.

Majina kamili ya watu wote yamo katika mti wa ukoo mwishoni mwa kijitabu. Hapa nitawataja kama tulivyozoea kuwaita nyumbani: Babu, Bibi, na Baba mkwe ambaye alikuwa mtoto wao wa mwisho.

Watu wawili wa Kusini

Mwezi wa Juni mwaka 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mwanafunzi pale, na kazi yangu ilikuwa kuwaelekeza wageni njia ya ukumbi wa Nkrumah. Miongoni mwa wageni waliotoka Marekani alikuwamo msichana mmoja aliyeniuliza maji ya kunywa yako wapi. Nilipomuuliza ametoka sehemu gani ya Marekani, akajibu, "Kusini." Nikamwambia mimi nami ni mtu wa Kusini. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Nikamweleza kwamba kwetu Tanzania nako kuna Kusini, na kwamba wa Kusini tunadharauliwa kidogo na wenzetu kwa kuwa barabara zetu ni mbovu na mazao yetu hayafiki sokoni. Akasema, "Basi tunafanana."

Siku ile hatukujua tunafanana kiasi gani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto mdogo mwezi wa Julai mwaka 1905, watu wa Nandete walipong'oa miche ya pamba katika shamba la serikali ya Kijerumani na kuanzisha vita vya Majimaji. Babu yake yeye, wakati huo huo, alikuwa akilima pamba Alabama ili alipe ardhi yake. Si hivyo tu. Wajerumani waliokuwa wakilazimisha pamba katika makoloni yao waliwahi kuwachukua wataalamu weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, wakawapeleka Togo mwaka 1901 kufundisha kilimo hicho. Pamba ilikwisha kuyafahamisha mababu zetu kabla sisi hatujazaliwa, ingawa haikuwafahamisha kwa wema.

Nchi aliyozaliwa

Lowndes ni wilaya iliyo kati ya mji wa Selma na mji wa Montgomery. Imo katika ukanda unaoitwa Ukanda Mweusi, na jina hilo hapo mwanzo lilitokana na rangi ya udongo. Aliyezoea udongo wa mbuga kwetu ataufahamu mara moja: mvua ikinyesha unanasa miguu na magurudumu, na jua likiwaka unapasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono. Udongo huo unaipenda pamba, na kwa sababu ya pamba wenye mashamba waliwaleta huko watumwa wengi mno. Hata baada ya utumwa, wakazi wengi wa Lowndes waliendelea kuwa watu weusi, kiasi cha wanne katika kila watano.

Wazazi wa Babu walizaliwa utumwani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1860 watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao, bila majina yao wenyewe. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika waliokuwa watumwa kwa majina. Babu alizaliwa miaka michache baada ya hesabu hiyo. Alikuwa akisema kwa fahari kwamba yeye ni wa kwanza katika ukoo wake ambaye hakuwahi kuhesabiwa pamoja na ng'ombe.

Uhuru ulikuja mwaka 1865, lakini ulikuja mikono mitupu. Mwezi wa Januari mwaka huo Jenerali Sherman alitoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida igawiwe familia za watumwa walioachwa huru, kila familia ipate sehemu isiyozidi ekari 40. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson akaitangua amri hiyo, na ardhi ikarudishwa kwa mabwana. Alabama haikuwamo katika amri ile, lakini habari za ekari 40 zilienea Kusini kote, na watu waliendelea kuzisubiri mpaka wakazeeka.

Daftari la mwenye shamba

Badala ya ardhi, wazazi wa Babu walipewa mkataba wa kulima kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda, nyumbu wa kukokota plau na mbegu, na mkulima akatoa jasho lake na la mkewe na watoto wake. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Katika miezi ya kulima mkulima hakuwa na fedha, kwa hiyo unga, chumvi, viatu na nguo alivichukua kwa mkopo, na dhamana ya mkopo huo ilikuwa pamba ambayo bado haijachipua. Bei ya mkopo ilizidi sana bei ya fedha taslimu. Mwezi wa Desemba mwenye shamba alifungua daftari na kusoma hesabu, na aghalabu hesabu ilionyesha kwamba mkulima amebaki na deni. Mwenye deni hakuweza kuhama kwa salama.

Kuna kisa ambacho Baba mkwe alinisimulia zaidi ya mara moja. Babu akiwa na umri wa miaka kama 12 alifuatana na baba yake kwenda kusomewa hesabu. Mwaka ule walivuna marobota matano, na robota moja lina uzito wa ratili 500 hivi baada ya pamba kuchambuliwa mbegu. Mtoto alikuwa amehesabu njiani kwa vidole na vijiti. Mwenye shamba aliposoma hesabu, marobota yalikuwa manne na deni lilikuwa dola 11. Mtoto akafungua kinywa. Baba yake akamkanyaga mguu kwa nguvu chini ya meza, akasema, "Ahsante, bwana." Walipokuwa njiani kurudi hakuna aliyesema neno mpaka walipofika kwenye kijito. Hapo baba akamwambia mwanawe, "Hesabu yako ilikuwa sahihi. Mimi nami naweza kuhesabu mpaka tano."

Babu alikuwa akisema kwamba tangu siku hiyo alitamani vitu viwili: daftari lake mwenyewe, na meza yake mwenyewe ya kulifungulia.

Kununua ardhi

Mwaka 1892 wanawake wawili kutoka Kaskazini, Charlotte Thorn na Mabel Dillingham, walifungua shule ya watoto weusi mahali paitwapo Calhoun, humo humo Lowndes, kwa kuungwa mkono na Booker T. Washington aliyekuwa mkuu wa Tuskegee. Shule ile haikuishia kufundisha kusoma tu. Wakuu wake walitambua kwamba mtoto wa mkulima asiye na ardhi atasoma leo na kesho atahamishwa. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1896, mpango uliundwa wa kununua mashamba makubwa, kuyakata vipande, na kuwauzia wakulima weusi kwa malipo ya mwaka hadi mwaka. Zaidi ya ekari 4,000 zilipita katika mikono ya wakulima kwa njia hiyo.

Babu alikuwa mmoja wa walionunua. Alikuwa kijana aliyekwisha oa, na kipande chake kilikuwa cha ekari 43. Msidhani kwamba alipata udongo mzuri kuliko wote. Upande wa chini ulikuwa kinamasi na upande wa juu ulikuwa msitu wa misonobari. Alianza na msitu. Katika majira ya baridi alikata miti na kuichonga kuwa mataruma ya reli, akayauza. Katika majira ya joto alilima pamba na mahindi. Bibi alifuga kuku na kuuza mayai, na fedha ya mayai haikuguswa kwa jambo lolote lingine ila malipo ya ardhi. Watoto walijua wazi kwamba yai la kula ni la Jumapili tu.

Katika miaka hiyo hiyo, ukumbuke, mlango wa siasa ulikuwa unafungwa. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliweka masharti ya kusoma, mali na kodi ya kichwa ya dola moja na nusu kwa mwaka, tena kodi hiyo ililimbikizwa mwaka juu ya mwaka, na mtu asiyeimaliza hakupiga kura. Nia ya walioiandika haikuwa siri: kumwondoa mtu mweusi katika upigaji kura. Babu akawa mtu mwenye ardhi, mlipa kodi ya ardhi, asiye na sauti katika wilaya anayoilipia kodi. Alilipa kila mwaka siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na kila risiti aliihifadhi katika kopo la biskuti. Kopo hilo lipo hadi leo, na mtaliona katika meza ya maonyesho.

Bibi

Itakuwa dhuluma nikiandika habari za Babu bila Bibi. Bibi alikuwa mkunga. Alizalisha weusi na wakati mwingine weupe maskini, na ujira wake ulikuwa kuku, gunia la viazi vitamu au siku moja ya kulimiwa. Alishona mablanketi ya viraka kutoka nguo za kazi zilizochakaa na magunia ya unga. Moja katika hayo lina kipande cha suruali ya Babu, magotini ambapo kitambaa kimepauka kwa kupiga magoti katika pamba. Nililala chini ya blanketi hilo usiku wangu wa kwanza Lowndes, kabla sijaambiwa ni la nani.

Bibi ndiye aliyeamua juu ya masomo. Wakati wa kuvuna, watoto wa majirani walikosa shule kwa miezi. Wake nao walivuna, lakini kwa zamu, ili kila wiki wawepo wawili darasani na jioni wawafundishe waliobaki shambani. Watoto walikuwa tisa. Wanane walijua kusoma na kuandika. Wa tisa alifariki mchanga.

Fukusi na bei

Fukusi wa pamba ni mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, anayetaga mayai ndani ya tumba la pamba, na lava wake wakalila kabla halijafunguka. Aliingia Texas kutoka Mexico mnamo mwaka 1892, akasonga mashariki mwaka hadi mwaka, akafika Alabama mwaka 1910. Mashamba yaliyotoa marobota 10 yakatoa matatu. Mwenye shamba aliyezoea pamba tupu hakuwa na kimbilio, na mkulima wake alikuwa na deni bila mavuno.

Hapa ndipo Babu alipojua faida ya kuwa na ardhi yake. Mkulima wa kugawana hakuruhusiwa kuchagua apande nini; alipanda pamba mpaka mlangoni. Babu aliweza kuchagua. Tangu mwaka 1906 chuo cha Tuskegee kilikuwa kikipeleka gari la kukokotwa vijijini, limebeba majembe, mbegu na mabwana shamba, kuwafundisha wakulima palepale walipo. Mtaalamu wake mashuhuri, George Washington Carver, alikuwa akihimiza kunde, karanga na viazi vitamu ili udongo uliochoshwa na pamba urudiwe na nguvu. Babu hakuiacha pamba, bali aliipunguza ikawa theluthi moja. Palipobaki alipanda mahindi, kunde, karanga, viazi vitamu na miwa ya kupikia asali. Kila nilipowaeleza wazee wa Umatumbi orodha hii walisema, "Huyo si Mmarekani, huyo ni mtu wa kwetu."

Vita Kuu vya Kwanza vilipandisha bei. Mwaka 1919 mkulima alipata wastani wa senti 35 kwa ratili moja ya pamba. Kwa fedha ya mwaka huo Babu alijenga nyumba yenye madirisha ya vioo, ambayo msingi wake mtauona karibu na mti mkubwa wa pekani. Mwaka uliofuata bei iliporomoka ikawa chini ya nusu, na kufikia mwaka 1931 ratili moja haikufika hata senti sita. Majirani wengi waliokopa wakati wa bei nzuri walipoteza ardhi zao. Babu hakuwa na deni. Hiyo ndiyo siri yake yote, wala hakuwa na nyingine. Mwaka 1935, wavunaji wa pamba wa Lowndes walipogoma wakidai dola moja kwa kila ratili 100 walizovuna, na wakapigwa na wengine kuuawa, Babu alifungua mlango wa nyuma usiku na kuwalisha waliokimbilia msituni. Jambo hilo hakulieleza kwa mtu yeyote nje ya nyumba mpaka uzeeni.

Watoto wakaanza kuondoka. Mmoja alikwenda Detroit, akamvuta wa pili, wa pili akamvuta wa tatu. Walikuwa sehemu ya msafara mrefu wa watu weusi wapatao milioni sita waliohama Kusini kati ya miaka ya 1910 na mwaka 1970. Kila aliyeondoka alipewa na Bibi blanketi moja. Aliyebaki ni Baba mkwe.

Mwaka 1965

Babu alifariki mwishoni mwa miaka ya 1950, mzee sana, bila kupiga kura hata mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1965, katika wilaya nzima ya Lowndes, hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura, ingawa weusi walikuwa wengi mara nne kuliko weupe.

Mwezi wa Machi mwaka huo maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery yalipita katika barabara ya 80, ndani ya Lowndes. Tarehe 25 Machi, siku yalipokwisha, mama mmoja mweupe wa kutoka Detroit, Viola Liuzzo, aliuawa kwa risasi katika barabara hiyo hiyo alipokuwa akisafirisha waandamanaji. Mwezi huo huo John Hulett na wenziwe waliunda chama cha haki cha wilaya, na vijana waandalizi, akiwamo Stokely Carmichael, wakaja kukaa na wananchi. Tarehe 6 Agosti sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini, na waandikishaji wa serikali kuu wakafika Lowndes siku chache baadaye. Baba mkwe alikwenda kujiandikisha akiwa amevaa koti la Babu. Lilikuwa kubwa mno kwake.

Wakulima wengi waliojiandikisha walifukuzwa na wenye mashamba. Mwishoni mwa mwaka 1965 familia zilizokosa pa kwenda zilipiga mahema kando ya barabara ya 80, zikaishi humo kwa muda mrefu, na watu walipita usiku wakiwafyatulia risasi. Baba mkwe alinyimwa mkopo wa mbegu, na kinu cha kuchambua pamba alichokizoea kikakataa pamba yake, akalazimika kuipeleka wilaya nyingine. Lakini hakufukuzwa. Hapakuwa na wa kumfukuza. Aliikaribisha familia moja ya watu saba, wakajenga kibanda upande wa msitu, wakakaa miaka miwili. Mwaka 1970 John Hulett alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi wa wilaya. Baba mkwe aliniambia, "Baba yangu alidhani ananunua udongo wa pamba. Kumbe alikuwa ananunua mahali pa kusimama."

Mali bila daftari

Sasa nafika mahali pazito. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Babu alikuwa na daftari la kila robota, kila yai na kila risiti. Hakuwa na wasia. Hakuiamini mahakama, na alikuwa na sababu zake. Alidhani kwamba ardhi isiyoandikwa kwa jina la mtu mmoja itakuwa ya wote, na kwa kuwa ni ya wote hakuna atakayeiuza.

Sheria haikuwa hivyo. Mtu akifa bila wasia, ardhi ilikuwa ya warithi wote kwa pamoja, kila mmoja ana fungu lisilokatwa mpaka. Warithi wakifa, mafungu yanagawanyika tena kwa watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Na mwenye fungu lolote, hata liwe dogo kama ukucha, aliweza kuliuza kwa mgeni, na mgeni huyo akaenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe kwa mnada. Kwa njia hii, pamoja na madeni, kunyimwa mikopo na ubaguzi, wakulima weusi wa Marekani waliokuwa zaidi ya 925,000 mwaka 1920 walipungua wakawa chini ya 19,000 mwaka 1992. Mwaka 1999 mahakama iliidhinisha suluhu katika kesi ya wakulima weusi dhidi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kuhusu ubaguzi wa mikopo, lakini kwa wengi ardhi ilikwisha kwenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 jambo hilo lilitufika sisi. Mmoja wetu, ambaye simtaji na wala msimtafute, aliuza fungu lake kwa mtu wa nje kwa fedha ndogo, kwa kuwa alikuwa na shida. Mnunuzi akatishia kwenda mahakamani. Baba mkwe, mzee na mgonjwa, akatuandikia barua sisi sote tuliokuwa mijini, akitaka mambo mawili: saini zetu, na mchango wa wakili.

Barua yangu ilikaa juu ya meza wiki sita. Nilipoijibu nilishauri tuuze. Niliandika kwamba ekari 43 za tope hazimlishi mtu, kwamba watoto wetu hawatarudi kulima, na kwamba busara ni kugawana fedha. Niliandika kwa lugha nzuri yenye mantiki, kama mtu aliyesoma. Mimi, ambaye wazee wake walipigana juu ya nani aamue shamba lipandwe nini!

Mke wangu aliisoma barua hiyo kabla sijaitia katika bahasha. Hakunigombeza. Alilileta lile blanketi, akalitandika juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye goti lililopauka, akatoka. Barua ile sikuipeleka. Nilituma saini na mchango, lakini wiki sita zilikuwa zimekwisha kupita, na wengine nao walichelewa kama mimi. Tuliishia kupatana na yule mnunuzi nje ya mahakama: yeye akachukua ekari 14 za upande wa barabara, sisi tukabaki na 29. Baba mkwe alikufa mwaka uliofuata. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tunachotakiwa kufanya

Ndugu zangu, leo hali ya sheria ni afadhali kuliko siku zile. Mwaka 2014 Alabama ilipitisha sheria inayowalinda warithi wa ardhi ya namna hii. Mwenye fungu akitaka shamba liuzwe, mahakama huagiza thamani yake ikadiriwe kwa haki, na warithi wengine hupewa nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu lake. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 nayo ilifungua mlango ili mwenye kulima ardhi ya warithi aweze kusajiliwa na kuomba misaada ya serikali hata kama hana hati ya jina lake. Lakini sheria haimlindi asiyejulikana alipo. Warithi tuliowahesabu mpaka sasa ni 61, katika nchi tano, na kumi na mmoja hatujapata anwani zao.

Shemeji yangu anayelima viazi vitamu na mboga katika zile ekari 29 anahitaji saini za wote ili ardhi iwekwe chini ya kampuni ya ukoo, ambayo fungu lake haliwezi kuuzwa kwa mgeni kabla ya ndugu kuulizwa. Wakili ametayarisha karatasi. Zitakuwa mezani siku ya Jumamosi, karibu na kopo la risiti, kuanzia saa tatu asubuhi. Walio mbali tutawatumia, na nawasihi wasiziache mezani wiki sita.

Watakaopenda kufuatana nami, Jumapili baada ya ibada tutakwenda makaburini kwa miguu. Njoo na viatu vya zamani. Mvua ikinyesha, udongo ule haumwachi mtu haraka.

Wasalaam, mimi mkwe wenu.